John von Neumann, mtu aliyepima mashine kabla haijajengwa

Wakaaji wa Katanga wanajua jina la Shinkolobwe. Sehemu kubwa ya uranium ambayo Marekani ilitumia kwa bomu za atomiki za mwaka 1945 ilichimbwa pale. Lakini mawe peke yake hayafanyi bomu. Ilihitajika pia hesabu, na mmoja wa waliozipiga ni John von Neumann.

Alizaliwa Budapest, inchi ya Hungaria, tarehe 28 Desemba 1903, baba akiwa mtu wa benki. Miaka ya 1930 akahamia Princeton, Marekani. Wakati wa vita alisaidia Los Alamos kuhesabu mlipuko wa bomu ya aina ile iliyotupwa Nagasaki. Hesabu zilishinda nguvu za watu wenye kalamu. Mwaka 1944, kwenye kituo cha gari la moshi cha Aberdeen, ofisa Herman Goldstine akamwambia habari za ENIAC, ordinateri ya tani karibu 30 iliyojengwa kwa kuhesabia mizinga.

Mwaka 1945 alikuwa anapanga ordinateri ingine, EDVAC. Hakungoja ijengwe. Akaandika kwenye karatasi programu ya kupanga orodha kwa utaratibu, kisha akahesabu mashine ingetumia muda gani. Ndiyo, alipima mashine ambayo haikuwepo!

Kisha vita, rafiki yake Stanislaw Ulam, akiwa mgonjwa na akicheza karata, akafikiri hivi: badala ya kutafuta jibu kwa kanuni ngumu, cheza mara nyingi, halafu hesabu matokeo. Njia hiyo wakaiita Monte Carlo. Mwaka 1948 ENIAC ilifuata safari ya nyutroni moja moja ndani ya bomu, kila hatua ikichaguliwa kwa bahati, sawa vile mtu anatupa dadu. Aliyeandika maagizo ya mashine ni Klara, bibi yake von Neumann. Yeye hatajwi sana, na si haki.

Jeshi la anga likamweka mkuu wa komite ya makombora. Februari 1954 komite ikasema kombora la kuvuka bahari linawezekana, na kazi ya roketi Atlas ikaharakishwa.

Mwaka 1955 kansa ikamshika. Hata hospitalini askari walimlinda, juu ya siri alizobeba kichwani. Alikufa tarehe 8 Februari 1957, na miaka 53. Miezi minne kisha, Atlas ya kwanza ikarushwa Florida. Injini ikaharibika, ikabidi walipue roketi angani.