Che Guevara huku Fizi: shefu aliyetaka watu wafanye kazi kwa roho

Watu wengi huku kwetu wanamjua Che Guevara kama mtu wa bunduki. Wachache wanajua kwamba mbele ya kufika Fizi alikuwa amepigana miaka kadhaa na swali la kila shefu wa kazi: mfanyakazi anasukumwa na nini, mshahara peke yake ama roho yake?

Alizaliwa Rosario, Argentina, mwaka 1928, akasomea udaktari. Kisha mapinduzi ya Kuba aliongoza Banki ya Taifa, na toka 1961 akawa waziri wa viwanda. Aliona kwamba ukimzoeza mfanyakazi pesa kwa kila kitu, siku pesa inapungua kazi nayo inakufa. Basi akatia nguvu katika vyeti na heshima mbele ya wenzako. Mishahara ikapangwa kwa ngazi 8: aliyepita kipimo aliongezwa, lakini si kupita mshahara wa ngazi inayofuata. Unataka zaidi? Nenda usome. Yeye mwenyewe alikuwa anatoka kwenda kukata miwa bila malipo. Wenzake serikalini walibisha sana mawazo yake, ila hakuna aliyeweza kusema waziri huyo anakaa tu ofisini.

Tarehe 24 Aprili 1965 alivuka ziwa kutoka Kigoma na wenzake 13, akateremka Kibamba, kusini ya Baraka. Majina yao ya siri yalikuwa hesabu yetu: Moja, Mbili, na yeye Tatu.

Aliyoyakuta yalimshinda. Wapiganaji walikuwa juu mlimani, Luluabourg, na wakubwa wao Kigoma, Dar es Salaam ama Kairo. Laurent-Désiré Kabila alifika mwezi wa Julai. Watu wakachangamka, wakaanza kuchimba mahandaki. Hata wiki haikuisha, akarudi ng'ambo, na kazi ikalegea palepale. Mashefu wanaoongoza watu wa Baraka kwa simu kutoka mji mwingine wasome hapo mara mbili.

Lakini Che naye alikosea, tena vibaya. Chakula na silaha vilipaswa kupandishwa mlimani kwa mabega, na wengi walikataa kubeba. Siku moja hasira zikampanda, akawafokea kwa Kifaransa kibovu kwamba atawavalisha nguo za wanawake na kuwabebesha vikapu vya muhogo. Mkalimani alipogeuza maneno katika Kiswahili, watu wote wakacheka. (Mama zetu, wanaobeba huo muhogo kila siku, sijui waliingiaje katika tusi hilo.) Hakuna aliyesogea kwa sababu ya matusi. Mwisho wa Juni walikuwa wameshashambulia Bendera. Wengi walikimbia na Wakuba 4 wakafa. Nao Wakuba wenyewe wakavunjika moyo, wengine wakaomba kurudi kwao, ingawa shefu wao alikuwa pamoja nao, anatibu wagonjwa na pumu inamsumbua.

Kijana mmoja Mkongomani, Freddy Ilanga, alimfundisha Kiswahili. Lakini baadaye Che aliandika kwamba hakukijifunza haraka wala vizuri. Kifaransa kilimfikisha kwa wakubwa tu. Askari wa chini walibaki mbali naye. Kwangu mimi hilo ni zito kuliko Bendera. Mtu aliyeamini kazi inatoka rohoni hakuwa na lugha ya kuingia katika roho za wale aliotaka wafanye kazi.

Mwisho wa Septemba jeshi la serikali na mamluki waliteremka Baraka. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Novemba Wakuba wakavuka kurudi Kigoma, na Wakongomani wengi waliotaka kupanda mitumbwi wakaachwa ufukoni. Che alikaa Dar es Salaam akiandika yote hayo, makosa yake ndani. Aliuawa Bolivia tarehe 9 Oktoba 1967. Maandishi yake juu ya Fizi yalikaa miaka zaidi ya 30 mbele ya kutoka kama kitabu.