Jules Verne na ubishi usiokwisha

MASHABIKI wa hadithi za kubuni za kisayansi ni watu wabishi. Hawaridhiki na kusoma tu, bali huhesabu miaka, hupima umbali na kumbana mwandishi pale hesabu zinapokataa. Nami nimo katika kundi hilo, na mwandishi ninayembishia zaidi ni hayati Jules Verne wa Ufaransa.

Verne alizaliwa Februari 8, 1828 katika mji wa bandari wa Nantes. Baba yake, mwanasheria, alitaka kijana arithi ofisi. Alisomea sheria mjini Paris akamaliza, lakini moyo wake ulikuwa kwenye michezo ya kuigiza. Baada ya kuoa mwaka 1857, alifanya kazi katika soko la hisa ili familia ipate kula, huku akiendelea kuandika.

Bahati ilimwangukia alipokutana na mchapishaji Pierre-Jules Hetzel mwaka 1862. Januari 1863 ilitoka riwaya yake ya kwanza, na safari yake inaanzia huku kwetu. Wasafiri watatu kutoka Uingereza wanapaa kwa puto kutoka Zanzibar, wanapita juu ya Ziwa Victoria, wanauona mto Nile ukitoka humo, na mwishowe wanafika Senegal. Kitabu kilipendwa, na ukawa mwanzo wa mfululizo wa riwaya zaidi ya 50.

Hapo ndipo ubishi ulipoanzia. Katika riwaya ya mwaka 1865, Verne aliwarusha watu watatu kuelekea Mwezini ndani ya kombora la mzinga. Wajuzi wa fizikia wanasema abiria hao wangepondwa kabla hata kombora halijatoka mdomoni mwa mzinga. Hata hivyo, uzeeni Verne alimlaumu Mwingereza H.G. Wells kwa kubuni madini yanayoshinda mvutano wa dunia, ilhali yeye alitumia baruti ya kweli. Nyani haoni kundule!

Ubishi mkubwa zaidi unamhusu Kapteni Nemo, mwenye nyambizi iitwayo Nautilus. Katika riwaya ya kwanza, wageni wake wanatoroka mwaka 1868. Katika riwaya ya pili, iliyokamilika mwaka 1875, Nemo ni mzee anayekufa mwaka huohuo wa 1868, naye anasema wageni wale walitoroka miaka 16 nyuma. Kitabu chenyewe kiliweka tanbihi kukiri kwamba tarehe hazilingani.

Asili ya Nemo nayo ina kisa chake. Verne alitaka awe Mpolandi anayelipiza kisasi kwa Warusi. Hetzel alikataa, kwa kuogopa kupoteza soko la Urusi. Mwishowe Nemo akawa mwana wa mfalme wa Kihindi, aliyepigana na Waingereza katika uasi wa mwaka 1857. Wafanyabiashara wenzangu, mnaona jinsi soko linavyoweza kubadili hata kabila la mtu.

Kuhusu mtindo, wapo wanaochoshwa na orodha zake ndefu za samaki. Wengine wanawalaumu wafasiri. Tafsiri ya kwanza ya Kiingereza ya safari ile ya chini ya bahari ilikata karibu robo ya kitabu, na wengi wakadhani Verne ni mwandishi wa watoto tu.

Mwaka 1886 mpwa wake aliyekuwa na maradhi ya akili alimpiga risasi mguuni, akabaki akichechemea. Miaka miwili baadaye alichaguliwa diwani wa mji wa Amiens, na huko ndiko alikofariki Machi 24, 1905.

Mimi tarehe za Nemo nimemsamehe, na mzinga pia. Nisichomsamehe ni Kazeh, eneo la Tabora ya leo. Katika ile riwaya ya puto, watu wa Kazeh wanadhani puto ni mwezi ulioshuka na wasafiri ni watoto wake, hadi mwezi wenyewe unapochomoza. Kazeh ilikuwa kituo kikuu cha misafara. Wanyamwezi, Waswahili na Waarabu walikutana hapo wakipima pembe, nguo na shanga. Watu waliozoea kutembea kwa miguu hadi pwani na kurudi, usiku baada ya usiku, wangeshindwaje kuutambua mwezi?

Verne hakufika huko. Alitegemea vitabu vya wapelelezi wa Kizungu, na hakumwuliza hata mchukuzi mmoja. Aliyeweza kumpa heshima Mhindi aliyepigana na wakoloni angeweza pia kumpa Mnyamwezi akili ya kawaida.

Sisi tulioishi ugenini tukarudi makwetu tunalijua kosa la namna hiyo, maana tumekuta habari zetu zimeshasimuliwa na watu wasiotujua. Asiyekuwepo na lake halipo. Kosa la tarehe hurekebishwa kwa tanbihi, lakini la Kazeh halikuwekewa hata moja.