Paul Bomani: Karani wa Mwadui aliyewapa wakulima wa pamba mizani yao

MKULIMA wa pamba wa Shinyanga au Geita anapoletewa karatasi ya mkataba na kampuni, mambo anayopaswa kuyaangalia kwanza ni yale yale yaliyowasumbua wazazi wake zaidi ya miaka 70 iliyopita. Nani anashika mizani? Nani anapanga daraja la pamba? Nani anaweka daftari la madeni?

Aliyeyafanya maswali hayo kuwa kazi yake ni Paul Bomani. Wengi wanamkumbuka kama waziri na balozi, lakini kabla ya kuingia serikalini alikuwa mtu wa wakulima na wachuuzi wa Kanda ya Ziwa.

Bomani alizaliwa Januari 1, 1925 wilayani Musoma. Alikuwa Msukuma, mtoto wa mchungaji wa Kanisa la Waadventista Wasabato, na alisoma katika shule ya kanisa hilo huko Ikizu.

Katikati ya miaka ya 1940 alipata kazi ya ukarani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, ulioanzishwa na John Williamson baada ya almasi kugunduliwa hapo mwaka 1940.

Kwa kijana wa wakati ule, kazi ya kalamu mgodini ilikuwa riziki nzuri. Hata hivyo, Bomani hakukaa muda mrefu. Alihamia Mwanza na kujiunga na chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika, ambacho baadaye alikuwa katibu wake.

Bidhaa zilikuwa adimu baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na mwenye duka dogo alipata tabu kununua kwa bei ya jumla. Kwa kuungana, wachuuzi hao waliweza kuagiza mzigo ambao mtu mmoja asingeumudu. Hapo ndipo Bomani alipojifunza ushirika kwa vitendo.

Wizi wa uzito

Katika miaka hiyo, pamba ya Usukumani ilinunuliwa na wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Asia, waliokuwa na maduka ya kununulia na vinu vya kuchambulia. Bei ilipangwa na serikali kabla ya msimu kuanza, kwa hiyo si rahisi mkulima kupunjwa kwenye bei.

Malalamiko yalikuwa kwenye uzito na daraja. Mkulima alifika na mzigo wake kichwani au kwenye mkokoteni, akaambiwa ratili ambazo hakuweza kuzihakiki. Pamba safi iliweza kuhesabiwa kuwa fifi, na mkulima asiyejua kusoma hakuwa na pa kukatia rufaa. Kurudi na mzigo nyumbani ilikuwa kazi nyingine, na kodi ilikuwa ikimsubiri.

Katika baadhi ya maeneo wakulima walianza kuweka wapimaji wao, ili mzigo upimwe kabla ya kufika kwa mnunuzi. Tofauti ilipoonekana, watu wakaelewa kwamba tatizo lina dawa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Bomani alizunguka jimbo zima akifanya mikutano na wakulima, akiwahimiza kuunda vyama vyao chini ya umoja wa wakulima wa Jimbo la Ziwa. Mwaka 1953 vyama vya kwanza vilianza kununua pamba ya wanachama wao. Mwaka huo huo Bomani alikwenda Uingereza kusoma mambo ya ushirika katika chuo cha Loughborough.

Kinu cha Kasamwa

Mwaka 1955 vyama hivyo viliunganishwa katika shirikisho lililoitwa Victoria Federation of Co-operative Unions, na Bomani akawa meneja mkuu wake.

Muundo wake ulikuwa rahisi. Mkulima aliuza kwa chama cha msingi kijijini, vyama vya msingi viliunda vyama vikuu, na vyama vikuu vikaunda shirikisho. Makato madogo kwenye mauzo ya kila mwanachama yalijenga mtaji.

Mtaji huo ndio uliowezesha hatua kubwa zaidi. Mwaka 1956 ushirika ulipata kinu chake wenyewe cha kuchambulia pamba huko Kasamwa, Geita. Kabla ya hapo faida ya kutenganisha nyuzi na mbegu ilikwenda kwa wengine. Sasa sehemu yake ilirudi kwa mwenye shamba.

Ilipofika mwaka 1959, shirikisho lilikuwa linanunua pamba yote ya Jimbo la Ziwa. Lilihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika vya Waafrika barani.

Nguvu hiyo ilikuwa ya kisiasa pia. Serikali ya kikoloni ilikizuia chama cha TANU kufanya kazi Usukumani kuanzia 1954 hadi 1958, lakini vyama vya pamba vilikuwa na usajili halali na vikaendelea kukutanisha watu.

Ushirika wageuka mzigo

Bomani aliingia katika baraza la mawaziri mwaka 1960, akashika kilimo na kisha fedha hadi mwaka 1965. Mambo aliyoyaacha nyuma hayakwenda yote sawa.

Baada ya ushindani kuondoka, baadhi ya watumishi wa vyama walianza kufanya yale yale waliyolalamikiwa wafanyabiashara. Makato yaliongezeka, watumishi wakawa wengi, na mizani ya chama nayo ikaanza kutiliwa shaka. Tume ya serikali ya mwaka 1966 ilikuta udhaifu wa uongozi, udanganyifu na kuingiliwa na wanasiasa.

Bomani mwenyewe alionja hasira za wapiga kura. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, akiwa Waziri wa Fedha, alishindwa kwa kishindo Mwanza. Rais Julius Nyerere alimteua kuwa mbunge na kumrudisha katika baraza la mawaziri.

Kati ya 1972 na 1983 alikuwa balozi wa Tanzania nchini Marekani, na kuanzia mwaka 1993 alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki dunia mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka 80.

Somo kwa mwenye mkataba

Shirikisho alilolijenga lilivunjwa miaka ya 1960, na mwaka 1976 serikali ilifuta vyama vikuu vyote. Vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, ndipo vikaja Nyanza na SHIRECU. Mwaka 1994 milango ilifunguliwa kwa makampuni binafsi.

Kilimo cha mkataba cha pamba kilijaribiwa mkoani Mara kuanzia msimu wa 2008/09. Kampuni hutoa mbegu na dawa kwa mkopo, mkulima huuza kwake na deni hukatwa kwenye malipo. Kampuni hulalamika kuwa mkulima ameuza kando. Mkulima hulalamika kuwa amekatwa zaidi ya alichopewa.

Maisha ya Bomani yanaonyesha kwamba pande zote mbili zinahitaji kumbukumbu inayoaminika. Mkulima abaki na nakala ya mkataba, aandike kila chupa ya dawa na kila kilo ya mbegu siku anayopokea, na apime mzigo kwenye mizani iliyohakikiwa kabla haujaondoka kijijini. Anayesaini akiwa na kikundi husikilizwa kuliko anayesaini peke yake.

Lakini kikundi nacho kikaguliwe. Wakulima wa Kasamwa walipata kinu chao kwa sababu waliungana, na wengi walikuja kupoteza imani na ushirika kwa sababu waliacha kuuliza hesabu.