Thomas Hodgkin: Daktari aliyefichua maradhi ya tezi na wengu

DAKTARI anayeshuku saratani ya limfoma katika wengu hivi leo anaweza kumdunga mgonjwa dawa yenye viputo vidogo vya gesi, kisha akatazama kwa mtambo wa ultrasaundi jinsi vinavyopita ndani ya kiungo hicho. Mara nyingi sehemu iliyoshambuliwa huonekana nyeusi, kwa kuwa viputo hutoweka hapo mapema kuliko kwingineko.

Thomas Hodgkin, ambaye jina lake limebakia kwa aina moja ya saratani hiyo, aliyaona maradhi haya kwa macho tu, tena baada ya mgonjwa kufariki.

Alizaliwa Agosti 17, 1798, Pentonville, London, katika familia ya dhehebu la Marafiki, ambalo leo lina waumini wengi magharibi mwa Kenya. Alihitimu udaktari Edinburgh mnamo 1823, baada ya kupitia Paris, alikojifunza kusikiliza kifua kwa stethoskopu kutoka kwa mvumbuzi wake, Rene Laennec.

Katika hospitali ya Guy's, London, alipewa kazi ambayo wengi waliikwepa: kupasua maiti na kutunza makumbusho ya viungo vilivyohifadhiwa. Humo ndimo alimokutana na miili yenye tezi zilizovimba kupita kiasi, na mara nyingi wengu uliojaa vinundu.

Madaktari wa siku hizo waliamini kuwa tezi huvimba kwa sababu ya kidonda au ugonjwa ulioko mahali pengine mwilini. Hodgkin alishikilia kwamba kwa watu hao maradhi yalianzia kwenye tezi zenyewe.

Makala yake kuhusu wagonjwa saba ilisomwa Januari 1832 mbele ya chama cha madaktari jijini London. Ilibidi mwenzake amsomee kwa sababu yeye hakuwa mwanachama. Wachache sana waliitilia maanani.

Kilichomwangusha hata hivyo hakikuwa tiba. Hodgkin alikuwa mpinzani mkali wa utumwa, na alimlalamikia mweka hazina wa Guy's, Benjamin Harrison, kuhusu jinsi wenyeji asilia wa nchi ambayo leo ni Kanada walivyotendewa na kampuni ya Hudson's Bay. Harrison alikuwa kigogo katika kampuni hiyo hiyo.

Nafasi ya daktari msaidizi ilipotokea 1837, Hodgkin alinyimwa, akajiuzulu. Mwaka huo huo alishiriki kuanzisha chama cha kuwatetea wenyeji wa makoloni, kazi iliyomshughulisha hadi uzeeni. Guy's ilipoteza mmoja wa wachunguzi wake hodari zaidi.

Daktari mwingine wa Guy's, Samuel Wilks, alichunguza maradhi hayo miaka mingi baadaye, akagundua kwamba ametanguliwa. Badala ya kujitwalia sifa, mnamo 1865 aliyapa jina la Hodgkin.

Mwenyewe hakukaa sana baada ya hapo. Akiwa safarini na rafiki yake Moses Montefiore kwenda kuwasaidia Wayahudi wa Palestina, aliugua tumbo la kuhara damu na kufariki Jaffa, Aprili 4, 1866. Montefiore alimjengea mnara kaburini.

Vipande vya viungo alivyovihifadhi Guy's vilidumu. Vilipochunguzwa kwa hadubini mnamo 1926, karibu karne moja baada ya makala yake, baadhi vilionekana kuwa na maradhi yale yale aliyoyaeleza.