Kinanda Kilichojenga Hospitali

Mwezi uliopita mama mmoja wa kanisa hili alikuja ofisini kuuliza kama mfuko wetu wa matibabu ungemsaidia kumaliza bili ya mtoto wake. Mimi ndiye ninayeshika hesabu za mfuko huo. Nilifungua kitabu, nikakifunga, nikamwambia hakuna kitu. Nimesomea biashara, lakini siku hiyo digrii haikunisaidia. Tangu hapo nimekuwa nikimfikiria Albert Schweitzer.

Schweitzer alizaliwa mwaka wa 1875 huko Alsace, eneo lililokuwa chini ya Ujerumani wakati ule na leo liko Ufaransa. Baba yake alikuwa mchungaji. Mtoto alipenda kinanda kupita kiasi. Akiwa na miaka 9 tu, alishika nafasi ya mpiga kinanda ibadani. Baadaye alifundishwa na Charles-Marie Widor kule Paris, akaandika kitabu kikubwa juu ya Bach. Kazi yake ilikuwa kuhubiri na kufundisha theolojia Strasbourg; kinanda kilikuwa mapenzi yake.

Alipofika miaka 30 akaamua kusomea udaktari ili aje kutibu Afrika. Jamaa na marafiki walimwona amechanganyikiwa. Chama cha wamishonari cha Paris nacho hakikuridhika na mafundisho yake. Na mimi niseme ukweli, kuna mambo aliyoandika juu ya Yesu ambayo siwezi kuyahubiri kwenye madhabahu hii. Ikabidi aahidi atatibu tu bila kuhubiri, na gharama ziwe zake mwenyewe. Sasa pesa atoe wapi? Zilitoka kwa kinanda, kwa kitabu cha Bach, na kwa kubisha hodi kwa marafiki. Mwaka wa 1913 yeye na mkewe Helene, aliyekuwa amesomea uuguzi, wakafika Lambaréné, Gabon. Chumba chake cha kwanza cha matibabu kilikuwa banda la kuku lililopakwa chokaa.

Kabla ya kuondoka alihesabu mambo matatu anayoyaacha: kinanda, ualimu wa chuo, na kujitegemea kwa pesa. Lakini Chama cha Bach cha Paris kilimpa piano yenye kanyagio kama za kinanda cha kanisani, iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za joto. Akawa anafanya mazoezi jioni.

Vita vikaja 1914. Kwa kuwa alikuwa raia wa Ujerumani ndani ya koloni la Ufaransa, aliwekwa chini ya ulinzi, na mwaka wa 1917 yeye na mkewe wakapelekwa Ufaransa kuzuiliwa kambini. Alitoka huko akiwa mgonjwa, na madeni ya hospitali yakimngoja. Hapo ndipo kinanda kilipofanya kazi. Mwaka wa 1920 Askofu Mkuu Nathan Söderblom alimwalika Uswidi kufundisha. Alipoeleza habari za deni, askofu akamshauri azunguke nchi akitoa mihadhara na kupiga kinanda. Wiki chache tu, madeni yaliyombana zaidi yakalipika. Mwaka wa 1924 alirudi Lambaréné, na 1927 wagonjwa wakahamia hospitali mpya. Pesa za Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka wa 1952 zikasaidia kujenga kijiji cha wagonjwa wa ukoma. Alifariki 1965 akiwa na miaka 90, akazikwa hapo hapo.

Hakuwa malaika. Aliwatazama Waafrika kama wadogo zake, na hilo linauma mpaka leo. Lakini kuna jambo moja nataka tujifunze. Yeye mwenyewe alijilinganisha na Ibrahimu, aliyekuwa tayari kumtoa mwanawe kisha akarudishiwa. Vile vitu vitatu alivyodhani ameviacha, vyote alirudishiwa.

Sisi viongozi huwa tunaanza na bahasha: tunaomba, tunaomba tena, mpaka watu wakiona tumeshika maiki wanatazama mlango. Schweitzer pia aliomba, lakini kile alichokipenda zaidi kilikuwa kimetangulia mezani. Chuoni tulifundishwa kutafuta mtaji. Hatukufundishwa kuuliza ni mtaji gani umelala nyumbani. Musa alikuwa na fimbo tu mkononi (Kutoka 4). Dorkasi alikuwa na nguo alizozishona (Matendo 9).

Mimi nina gitaa. Liko chini ya kitanda tangu nilipowekwa kuwa mchungaji msaidizi. Nilidhani nimemtolea Mungu. Kumbe nililizika tu, kama yule mtumwa na talanta yake.

Basi Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu nitalipiga hapa uani baada ya maombi. Kiingilio ni unachoweza. Kila shilingi itaingia kwenye mfuko wa matibabu, na hesabu itabandikwa mlangoni Jumapili asubuhi. Wewe unayeoka keki, unayesuka, unayechora, njoo tuongee. Usiniletee bahasha kwanza. Niletee unachokipenda.

Yule mama nimempigia simu. Sikumwahidi kiasi chochote. Nilimwomba msamaha, nikamwambia tumeanza.