Ruth Handler: Mama aliyemleta Barbie, akaondoka Mattel kwa kashfa, akarudi kwenye sinema baada ya kifo

Julai 2023, filamu ya Barbie iliingia kumbi za sinema na kugeuza miji mingi kuwa pinki. Iliongozwa na Greta Gerwig, Margot Robbie akawa Barbie na Ryan Gosling akawa Ken. Ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.4, na hakuna filamu iliyoipita kwa mauzo mwaka huo.

Ndani ya filamu hiyo kuna bibi mmoja mfupi, yuko jikoni, anamkaribisha Barbie chai. Kama ulidhani bibi yule ni wa kutunga tu, sivyo. Ni Ruth Handler, mwanamke aliyembuni Barbie. Alifariki miaka 21 kabla ya filamu kutoka.

Mtoto wa mwisho kati ya kumi

Ruth alizaliwa Novemba 4, 1916, mjini Denver, Marekani. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia huko kutoka Poland, na yeye ndiye alikuwa kitinda mimba. Mama yake aliumwa, hivyo akalelewa na dada yake mkubwa, Sarah, aliyekuwa na duka la dawa linalouza pia soda. Biashara aliijulia hapo hapo kaunta.

Mwaka 1938 aliolewa na Elliot Handler, wakahamia Los Angeles. Elliot alikuwa fundi wa kubuni vitu, Ruth alikuwa fundi wa kuviuza. Mwaka 1945 wakaanzisha kampuni pamoja na Harold Matson, aliyefahamika kama Matt. Wakachukua Matt, wakaongeza El ya Elliot, ikawa Mattel. Jina la Ruth halikuwemo.

Walianza na fremu za picha. Baadaye wakatengeneza samani ndogo za nyumba za midoli, halafu midoli na vichezeo vya kila aina.

Wanaume walimkatalia

Ruth alikuwa akimtazama binti yake, Barbara, akicheza na midoli ya karatasi. Midoli aliyoipenda ni ile ya watu wazima, siyo watoto wachanga. Wakati huo madukani mdoli wa msichana karibu wote walikuwa vichanga: umnyweshe, umbadilishe nepi, umlaze. Yaani mtoto wa kike alifundishwa kucheza jambo moja tu, umama.

Ruth akataka mdoli mwenye umbo la mwanamke mzima. Wenzake wa kiume kwenye kampuni, mumewe akiwemo, waliona halitauzika. Wazo likakaa.

Mwaka 1956, akiwa safarini Uswisi na familia, akakutana dukani na Bild Lilli, mdoli wa Kijerumani mwenye umbo la mtu mzima. Akanunua, akarudi nao nyumbani, akawaonyesha mafundi wake. Ndiyo maana Barbie wa kwanza anafanana sana na Lilli, na Mattel ikaja kununua haki za mdoli huyo mwaka 1964.

Barbie alizinduliwa Machi 9, 1959, kwenye maonyesho ya vichezeo New York. Bei yake dola 3. Wanunuzi wa maduka wengi walimwangalia kwa mashaka. Lakini Mattel ilikuwa tayari imezoea kutangaza kwa watoto moja kwa moja kupitia televisheni tangu 1955. Watoto wakaona tangazo, wakawasumbua wazazi, na mwaka wa kwanza tu wakauzwa takriban 300,000. Ken, aliyepewa jina la mtoto wa kiume wa Ruth, akafuata mwaka 1961.

Mambo yakaharibika

Mwaka 1970 Ruth aligundulika na saratani ya titi, akafanyiwa upasuaji wa kuondoa titi. Kipindi hicho hicho Mattel ikaanza kuyumba, na hesabu za kampuni zikapikwa ili wenye hisa waone mauzo yanapanda. Mali iliandikwa imeuzwa huku bado haijatoka ghalani.

Uchunguzi ukaanza. Mwaka 1975 Ruth na Elliot wakawa nje ya kampuni waliyoianzisha wenyewe. Mwaka 1978 Ruth akashtakiwa kwa udanganyifu na kutoa taarifa za uongo za fedha. Hakuyapinga mashtaka mahakamani. Alikwepa jela, ila alitozwa faini ya dola 57,000 na kuamriwa kufanya kazi za jamii saa 500 kila mwaka kwa miaka mitano.

Akaanza upya

Kabla hata kesi haijafika huko, alishaanzisha kazi nyingine. Baada ya upasuaji alitafuta titi bandia linalomfaa, akakosa. Akaanzisha Nearly Me, kampuni ya kutengeneza matiti bandia kwa wanawake waliopitia yaliyompata, na mara nyingi aliwahudumia wateja yeye mwenyewe madukani. Aliiuza mwaka 1991. Akafariki Aprili 27, 2002, akiwa na miaka 85.

Safari ya Barbie hadi sinema

Barbie alikuwa na filamu za katuni tangu 2001. Filamu ya waigizaji halisi ndiyo ilichukua muda. Studio ya Sony ilitangaza mpango huo 2014, waigizaji wakabadilika, mwishowe ukahamia Warner Bros. Mwaka 2018 Mattel ilipata bosi mpya, Ynon Kreiz, aliyetaka vichezeo vya kampuni vigeuke filamu, na huu mradi ukapata nguvu.

Ajabu ni kwamba Mattel ilikubali filamu imtaje Ruth pamoja na madoa yake. Rhea Perlman aliyemwigiza anatania kuhusu upasuaji wake na matatizo ya kodi. Hapo tu msomaji angalia: kesi halisi haikuwa ya kukwepa kodi. Ilikuwa ya hesabu za uongo kwa wenye hisa, na hao walikuwa watu walioweka pesa zao.

Kwa hiyo ukiitazama tena filamu, bibi yule wa chai ana historia ndefu kuliko ile inayoonekana jikoni. Kampuni iliyomtoa mlangoni mwaka 1975 ndiyo iliyomrudisha kwenye skrini, na ndiyo iliyopata faida.