Mwami Musinga na Sheria ya Abiru

Nataka kuwasimulia habari za Mwami Yuhi wa Tano Musinga, aliyekaa hapa kwetu Kamembe miaka karibu tisa akiwa si mwami tena. Wengi wanajua kwamba Wabelgiji walimwondoa. Wachache hujiuliza ni sheria gani iliyovunjwa siku ile.

Maana sheria ilikuwapo, ingawa haikuandikwa. Iliitwa ubwiru, na walinzi wake ni abiru, watu wa koo maalum walioikariri kwa moyo na kuwarithisha wana wao. Humo mlikuwa na taratibu za kumtawaza mwami, kumzika, kuitunza ngoma Kalinga, na kufuata majina ya ufalme kwa zamu: Mutara au Cyirima, kisha Kigeli, Mibambwe na Yuhi. Mwami hakujichagulia jina, na jina lilimfunga: aliyeitwa Yuhi alikatazwa kuvuka mto Nyabarongo. Kwa hiyo sikubaliani na wasemao kwamba mwami wa zamani alifanya apendavyo tu.

Musinga mwenyewe aliupata ufalme kwa njia mbaya, wala sitaki kuficha. Baba yake, Kigeli wa Nne Rwabugiri, alikuwa amemchagua mwana mwingine, Rutarindwa, aliyetawala kwa jina la Mibambwe baada ya baba kufa mwaka 1895. Desemba 1896, huko Rucunshu, Kanjogera mama yake Musinga, pamoja na Kabare nduguye Kanjogera, wakampindua Rutarindwa, akafa katika nyumba iliyowaka moto. Musinga alikuwa bado mtoto. Lakini tazameni: hata hao waliomwaga damu walimwita Yuhi, kwa kuwa baada ya Mibambwe huja Yuhi. Mwami walimwua, ila zamu hawakuthubutu kuigusa.

Wadachi walimwacha atawale. Misioni zikafunguliwa, ya Save mwaka 1900, na ya Mibirizi, huku kwetu, mwaka 1903. Wabelgiji walikuja mwaka 1916, na mwaka uliofuata wakamnyang'anya haki ya kuua watu. Hiyo hata mimi siililii. Mwaka 1925 wakakataza umuganura, sikukuu ya malimbuko ya mtama na ulezi, wakamhamishia Burundi Gashamura, mkuu wa abiru. Tangu 1926 wakaunganisha vyeo. Hapo kwanza sehemu nyingi zilikuwa na watware watatu, yaani machifu: wa mashamba, wa malisho na wa majeshi. Aliyeonewa na mmoja aliweza kukimbilia kwa mwingine. Sasa akabaki mmoja tu, na mnyonge akakosa pa kukimbilia. Kwangu mimi jambo hili lilikuwa baya kuliko yote.

Musinga alikataa ubatizo. Mimi ni Mkristo, nasoma shule ya misioni, na ningalipenda abatizwe. Lakini naelewa jinsi ilivyokuwa vigumu kwa mtu aliyekabidhiwa Kalinga. Tarehe 12 Novemba 1931 Gavana Voisin alimvua ufalme, na tarehe 16 mwanawe Rudahigwa akatangazwa kuwa Mutara wa Tatu. Waliokubaliana juu ya jambo hilo ni Gavana na Askofu Classe, abiru hawakuulizwa. Musinga akaletwa Kamembe pamoja na mama yake. Mwaka 1940 akapelekwa Moba, Kongo, kando ya ziwa Tanganyika, akafia huko mwaka 1944.

Mutara naye alifariki ghafula Usumbura tarehe 25 Julai 1959, hakuacha mtoto. Ufalme ulikuwa umebakiza miaka miwili tu, lakini hakuna aliyejua. Siku tatu baadaye, kaburini Mwima, karibu na Nyanza, mbele ya Gavana Harroy, abiru wakamtangaza mwami mpya bila kumwomba ruhusa mtu. Aliitwa Kigeli wa Tano, kwa kuwa baada ya Mutara huja Kigeli. Alikuwa Ndahindurwa, mwana wa Musinga, aliyezaliwa hapa Kamembe mwaka 1936.